Cha Kuchajia Betri

Nkwabi aliniuzia kwa jina lisilo lake.
"Cha kuchajia betri hiki, cha Mjerumani,"
akakipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani.
Elfu kumi na tano. Nikatoa kumi na mbili,
nikanyamaza, maana nilikwishakitambua
tangu kilipokuwa chini ya pasi za mkaa
na mapanga butu, pale Kachoma, Jumamosi:
sanduku jeusi la bakelaiti, zito kama tofali bichi,
usukani mwekundu juu, na namba zilizofutika
toka sifuri hadi, nadhani, mia mbili.

Sikumwambia ni transfoma ya treni ya kuchezea.
Angepandisha bei. Au angenicheka,
mzee wa miaka sitini na saba
niliyesuka upya mota za pampu nusu ya Unyanyembe.

Treni sina.
Hilo nalo sikumwambia.

Kalunde alipokiona mezani: "Kinakula nini?"
"Volti mia mbili na thelathini."
"Kinatoa?"
"Kumi na nne."
"Basi kama wewe na mshahara."

Skrubu nne. Tatu zilikubali, moja ikagoma,
nikaibembeleza siku mbili kwa mafuta ya cherehani.
Ndani, vumbi la nyumba nisizozijua,
buibui aliyekaukia kazini,
na nyaya zenye shati la pamba lililooza;
ukigusa, linapukutika kama ganda la muhogo mkavu.
Sahani za seleni zilikwishaungua zamani,
harufu yake yai viza, hadi Kalunde akafungua madirisha.
Nikazitoa. Nikaweka dayodi nne
za redio ya marehemu shemeji yangu,
ndogo kama punje za mtama, kazi ni ile ile
na hazijivuni.
Koili ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili
ilikatika penye kona, uzi mmoja tu wa shaba.
Nikaunga, nikalehemu, nikapaka vanishi,
nikaianika juu ya ungo, kando ya michembe.
Brashi ya kaboni niliichonga kwa wembe
kutoka moyo wa betri ya tochi.

Mwaka wa sitini na sita nilikuwa na miaka minane.
Baba alikuwa mtu wa pointi, zamu ya usiku,
nami nilitumwa kupeleka asali
nyumba ya mhasibu Mgoa, mlango wa nyuma.
Dirisha lilikuwa juu. Sikulifikia.
Ndani, Lino mwanawe alikuwa akiendesha
na kuita vituo kwa sauti ya puani:
Usoke. Urambo. Kaliua.
Nilisikia magurudumu yakizunguka sakafuni,
na chini ya magurudumu, mvumo,
kama mzinga kabla ya moshi.
Kopo la asali likanilemea mkononi, nikasimama tu.
Mwaka uliofuata walihama.
Treni yenyewe sikuiona hata siku moja.

Nilimwambia baba. Akavua viatu kwanza, polepole.
"Treni unapita nazo kila siku, bure,
za bara na za pwani. Unataka ipi tena?"
Alikuwa na haki. Sikuwa na jibu.
Bado sina.

Jana jioni nikaitega nyuma ya balbu ya wati sitini:
ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, toa mkono;
ikiwaka hafifu, shukuru Mungu.
Ikawaka hafifu, rangi ya chai kavu.
Halafu mvumo.

Sikusogea kwa muda.
Kisha nikaunga taa ya pikipiki upande wa pili,
nikazungusha usukani mwekundu taratibu,
nayo taa ikakua, ikafifia, ikakua.

Kalunde akaja na mikono ya unga,
akaweka kiganja kimoja juu ya sanduku.
"Kinatetemeka."
"Ndiyo."
"Kama paka."
Alama ya vidole vyake ikabaki nyeupe pale.
"Na reli zake zinauzwa wapi?"
Nikasema sijui.
"Nkwabi hatakosa," akasema, akirudi jikoni.
"Ila ataziita kitu kingine."